TIBA YA SAFARI NA MARADHI YA NCHI ZA JOTO: MAFUNZO YAKE NA FAIDA YAKE KWA WAKAAZI WA VISIWANI

Yafuatayo ni matini kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba. Yanachapishwa katika ukurasa huu ili wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria wayasome, na wakuu wa Idara wayafikishe kwa watumishi wanaotarajia kusafiri kikazi.

Ndugu watumishi wa Serikali, ndugu wakaazi,

Visiwa vya Unguja na Pemba vimeishi kwa safari tangu zama za kale. Majahazi yalikuja na kuondoka kwa pepo za kaskazi na kusi, na misafara ya bara ilikusanywa, ikagharimiwa na ikaanzia hapa. Hivi leo boti na ndege zinavuka kila siku kwenda Dar es Salaam, Tanga na kwengineko. Wanafunzi wanakwenda vyuoni, wafanyabiashara wanafuata bidhaa, mahujaji wanakwenda Makka na watumishi wanahudhuria mikutano Dodoma na Mwanza. Kwa hiyo hapana budi wakaazi wa visiwa hivi wafahamu taaluma inayoshughulikia afya ya msafiri, namna wataalamu wanavyoifundisha, na sehemu gani ya mafunzo hayo inaweza kutumiwa na mtu ambaye si daktari.

Taaluma hiyo ina matawi matatu. La kwanza ni tiba ya maradhi ya nchi za joto, kama vile malaria, kichocho, matende na homa ya dengi. La pili ni tiba ya msafiri, nayo humwangalia mtu kabla ya kuondoka, akiwa njiani na baada ya kurejea. La tatu ni tiba ya misafara, yaani matunzo ya kundi la watu walio mbali na hospitali: mlimani, msituni, jangwani au baharini. Matawi haya yanafundishwa pamoja kwa sababu mgonjwa ni mmoja. Mpagazi mwenye homa kwenye miteremko ya Kilimanjaro anaweza kuwa na maradhi ya mlima, na anaweza pia kuwa na malaria aliyotoka nayo kijijini kwao.

ASILI YA MAFUNZO HAYA

Historia ya taaluma hii inapita Unguja. Mwezi Machi 1866 Dk. David Livingstone aliondoka hapa kwa safari yake ya mwisho ya bara. Mwezi Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa na wapagazi waliotoroka, na ndani yake mlikuwa na kwinini, dawa aliyoitegemea dhidi ya homa. Toka hapo afya yake ilizidi kudhoofika hadi alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Wenzake wakiongozwa na Chuma na Susi waliuchukua mwili wake hadi Bagamoyo. Somo linalotolewa kutokana na tukio hilo ni jepesi na lingali na nguvu: dawa zote za msafara hazifungwi katika mzigo mmoja.

Mwaka 1874 Henry Morton Stanley naye aliondoka pwani na msafara mkubwa, wengi wao watu wa Unguja na pwani ya jirani. Aliporudi Unguja mwezi Novemba 1877, idadi yao ilikuwa imepungua sana. Baadhi walitoroka njiani, lakini wengi walikufa kwa ndui, kuhara damu, njaa, mapigano na kuzama katika mito. Wazungu watatu aliofuatana nao walikufa wote. Hesabu ya vifo hivyo inaonesha jambo linalosisitizwa na walimu wa tiba ya misafara: mganga wa msafara si mganga wa kiongozi peke yake. Mpishi, mpagazi na dereva wana haki ya matunzo yale yale, na ugonjwa wa mmoja wao ni hatari kwa wote.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwapo Unguja daktari wa Kiskochi, James Christie. Kipindupindu kilipoingia mjini mwaka 1869 na kuua watu kwa maelfu, Christie hakuishia kutibu. Aliwauliza watu wa misafara na manahodha walikotoka, njia waliyopita na mahali walipouona ugonjwa kwanza. Kwa kuunganisha majibu hayo aliweza kuonesha kwamba ugonjwa ulifuata njia za biashara kutoka kaskazini, ukapita nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Mwaka 1876 alichapisha kitabu juu ya uchunguzi huo. Hakuwa na darubini iliyomwonesha kijidudu cha kipindupindu. Alichokuwa nacho ni maswali yaliyopangwa vizuri na subira ya kusikiliza majibu.

Mwaka 1877 Dk. Patrick Manson, akifanya kazi nchini China, aligundua kwamba vimelea vya matende huingia katika mwili wa mbu anayemnyonya mgonjwa. Aligundua vile vile kwamba vimelea hivyo huonekana katika damu wakati wa usiku. Ndiyo maana watu wa visiwani waliopimwa matende kwa njia ya zamani walitolewa damu usiku: daktari anayepima mchana anaweza kumwambia mgonjwa kuwa ni mzima. Mwezi Agosti 1897 Dk. Ronald Ross, aliyekuwa akishauriana na Manson kwa barua, alikuta vimelea vya malaria katika tumbo la mbu aina ya Anofelesi nchini India. Baada ya hapo mafunzo rasmi yakaanza: Liverpool ilianzisha skuli ya tiba ya nchi za joto mwaka 1898, na London ikafuata mwaka 1899.

Kwa muda mrefu madaktari walijifunza maradhi ya Afrika wakiwa Ulaya, mbali na wagonjwa wenyewe. Hali hiyo imebadilika. Tangu mwaka 2011 inatolewa stashahada ya tiba ya nchi za joto inayofundishwa Afrika Mashariki, katika Moshi na Uganda, ambapo madaktari wa Afrika na wa nchi za nje hukaa darasa moja na kuzunguka wodi moja. Kisiwani Pemba, maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la mwanasayansi wa Kitaliana Ivo de Carneri imekuwa ikifanya utafiti na mafunzo tangu mwaka 2000.

MTAALAMU ANAVYOFUNDISHA

Mwanafunzi wa taaluma hii hafundishwi kwanza majina ya dawa. Hufundishwa kuuliza maswali matatu: Ulikwenda wapi? Lini ulikwenda na lini ulirudi? Ulifanya nini huko? Majibu ya maswali hayo matatu huyaondoa maradhi mengi katika orodha kabla ya kipimo chochote.

Mfano wa kwanza ni wa hesabu ya siku. Vimelea vya malaria iliyo hatari zaidi, ile inayoenea sana Afrika, vikishaingizwa na mbu hukaa katika ini kwa muda kabla ya kuingia katika damu. Kwa hiyo homa ya malaria hiyo haianzi kabla ya siku ya 7 hivi tangu kuumwa na mbu. Wageni wengi huugua ndani ya mwezi mmoja wa kurejea, na wengine hadi miezi mitatu. Mtu aliyefika Geita siku ya Jumatatu na kushikwa na homa siku ya Jumatano hakuipata malaria hiyo Geita. Ama ana ugonjwa mwengine, au malaria aliipata mahali pengine kabla ya hapo. Hata hivyo hupimwa, kwani kanuni ya kwanza ya taaluma hii ni kwamba kila homa ya mtu aliyetoka katika eneo la malaria huhesabiwa kuwa malaria mpaka kipimo kioneshe vyengine. Na kipimo kimoja kisichoonesha kitu hakitoshi iwapo homa inaendelea. Hurudiwa, kwa vile vimelea vikiwa vichache huweza kupita bila ya kuonekana.

Mfano wa pili ni wa kichocho. Mkaazi wa Unguja au Pemba anakifahamu kichocho kwa damu ndani ya mkojo, maana hicho ndicho kinachopatikana visiwani. Lakini kando ya Ziwa Viktoria kipo kichocho cha aina nyengine, kinachoshambulia utumbo na ini. Mtumishi aliyeoga ziwani na kurejea Wete anaweza kukaa akitazama mkojo wake, na ugonjwa ukaendelea kwengine. Asipoulizwa ulifanya nini huko, naye mwenyewe asiposema, hapimwi.

Mfano wa tatu unahusu kumsikiliza mgonjwa. Mwaka 1952 na 1953 palizuka homa kali kusini mwa Tanganyika, katika uwanda wa Wamakonde. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakapinda migongo na kushindwa kusimama wima. Wenyeji waliipa jina kwa lugha yao, lenye maana ya kujikunja, na jina hilo, chikungunya, ndilo linalotumiwa leo na madaktari duniani kote. Virusi vyake vilitengwa katika damu ya wagonjwa wa mlipuko huo. Homa hiyo, pamoja na dengi iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huenezwa na mbu anayeuma mchana. Hivyo chandarua cha usiku hakimtoshi msafiri. Anahitaji pia nguo za mikono mirefu na dawa ya kujipaka mchana.

MSAFARA MBALI NA HOSPITALI

Tiba ya misafara hufundishwa nje ya darasa. Wanafunzi hupewa mgonjwa wa mfano, giza, mvua na mkoba mdogo wa dawa, kisha huulizwa: Nani abaki? Nani aende kutafuta msaada? Mgonjwa anaweza kusubiri saa ngapi? Kinachopimwa ni uamuzi.

Juu ya Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, oksijeni anayoipata mtu kwa kila pumzi ni kiasi cha nusu ya ile ya pwani. Anayepanda kwa haraka huumwa kichwa, hupata kichefuchefu na hukosa usingizi. Akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kuhema hali amekaa, uhai wake uko hatarini na dawa yake kubwa ni moja: ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, na asiachwe ashuke peke yake. Kinga yake ni kupanda taratibu. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi lile la jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pawepo siku ya mapumziko. Mpagazi asiye na koti wala viatu vya kufaa huathirika kwa baridi mapema kuliko mgeni anayembebea mzigo, naye mara nyingi huficha ugonjwa kwa kuchelea kupoteza ujira. Daktari aliyefundishwa vyema huwauliza wapagazi kila jioni, wala hangoji waje.

Baharini nako kuna yake. Mzamiaji anayetumia mtungi wa hewa akipanda juu haraka, gesi ya naitrojini iliyoyeyuka mwilini hutoka kama mapovu, ikaleta maumivu ya viungo, ganzi au kupooza. Mtu huyo hupewa oksijeni na kupelekwa kwa wataalamu bila ya kuchelewa. Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa angoje saa zisizopungua 18 kabla ya kupanda ndege. Mkulima wa mwani au mvuvi aliyechomwa na mwiba wa taa, au wa samaki mwenye sumu anayejificha mithili ya jiwe, atie mguu katika maji ya moto anayoweza kuyastahamili, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwani joto huipunguza nguvu sumu hiyo na kutuliza maumivu. Maji yajaribiwe kwanza kwa mguu au mkono mzima, usio na jeraha, ili mtu asiungue. Baada ya hapo aende kituo cha afya.

KWA NINI JAMBO HILI LINAVIHUSU VISIWA

Malaria ya visiwani ndiyo hoja kubwa ya mazungumzo haya. Kampeni ya kuitokomeza iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 iliishusha sana. Ilipositishwa mwaka 1968, ugonjwa ulirudi katika miaka michache tu. Juhudi za awamu ya pili zilianza na dawa ya mseto mwaka 2003, zikafuatiwa na vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani mwaka 2006. Kiwango cha watu wenye vimelea kikashuka chini ya asilimia moja. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kutoa taarifa za wagonjwa kwa simu ya mkononi, na baadaye maofisa wakawa wanamfuata mgonjwa hadi nyumbani na kuwapima aliokaa nao.

Mafanikio haya yana upande wa pili. Mtu anayeumwa na malaria mara kwa mara tangu utotoni hujenga kinga kiasi. Asiyeumwa hana kinga hiyo. Kijana wa Makunduchi aliyezaliwa baada ya mwaka 2006 akienda kusoma katika mkoa wenye malaria nyingi, mwili wake ni kama wa mgeni kutoka Ulaya. Anaweza kuzidiwa kwa siku chache, nao wazee wake, wanaokumbuka homa za zamani walizozivumilia kwa shuka na uji, wakamwambia apumzike itapoa. Ushauri huo ulitokana na miili iliyozoea. Kwa kijana huyu unaweza kuwa sababu ya kifo.

Aidha, uchunguzi uliofanywa visiwani umeonesha kwamba sehemu kubwa ya malaria inayogunduliwa huletwa na wakaazi wenyewe wanaorejea kutoka Bara. Mbu wangali wapo. Wanachokosa ni vimelea, na msafiri mmoja anaweza kuvileta. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 idadi ya wagonjwa ilipanda tena, ikawa onyo kwamba kazi ya miaka 20 haijilindi yenyewe. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Popote anapokwenda mkaazi wa visiwani, marejeo yake ni nyumbani, na anachokichukua mwilini hurejea nacho kwa mkewe, watoto wake na majirani.

NASAHA KWA WASAFIRI NA KWA IDARA

Kutokana na hayo, yafuatayo yanafaa kuzingatiwa:

(a) Mtumishi anayetumwa safari ya kikazi aende kuonana na mtoa huduma za afya wiki nne hadi sita kabla ya kuondoka. Idara zinazotoa barua za safari siku moja kabla zinamnyima nafasi hiyo.

(b) Anayekwenda eneo lenye malaria nyingi aulize juu ya dawa za kinga. Baadhi ya dawa hizo huendelea kumezwa siku 7 baada ya kurejea, na nyengine wiki nne. Wengi huziacha mara wafikapo nyumbani, ilhali vimelea vinaweza kuwa bado vimo katika ini.

(c) Chanjo zina muda wake. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwezi Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho. Mahujaji hutakiwa wawe wamechanjwa homa ya uti wa mgongo siku zisizopungua 10 kabla ya kuwasili.

(d) Anayetumia dawa za kila siku, kama za kisukari au shindikizo la damu, achukue za kutosha safari nzima na siku za ziada, na azigawe: nyengine mkobani, nyengine katika sanduku.

(e) Akipatwa na kuharisha, anywe maji yenye chumvi na sukari. Pasipo na pakiti za dawa hiyo, lita moja ya maji salama hutiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya usawa. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto.

(f) Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili hakina tiba ya kutegemewa. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asinyonywe jeraha wala asifungwe kamba ya kukaza. Kiungo kitulizwe na apelekwe hospitali.

(g) Anayerejea akapata homa ndani ya miezi mitatu aende kupimwa siku hiyo hiyo, na aseme mwenyewe, bila ya kungoja kuulizwa: "Nimetoka safari, mahali fulani, tarehe fulani." Maneno hayo yanaweza kumwokoa.

(h) Wauguzi na matabibu wa vituo vya afya waandike katika daftari jibu la safari kwa kila mgonjwa wa homa. Ofisa wa afya akija nyumbani kuwapima watu wa mgonjwa, apokewe. Hakuja kumtafuta mkosa. Amekuja kuukata mnyororo.

Ndugu wakaazi, elimu hii haikukusudiwa kuwatia watu hofu ya kusafiri. Riziki, elimu na udugu vimo safarini. Vyuo vitaendelea kuwafundisha madaktari kusoma damu kwa darubini, na kazi hiyo ni yao. Lakini tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi na mahali alipolala msafiri hayamo katika damu. Anayeyajua ni msafiri mwenyewe, na inampasa ayaseme anapofika mbele ya daktari.